Mapangaboi ya Nyamalogo

Uliyaona. Usiseme hukuyaona. Kila aliyepanda boti Kirumba Mwaloni kwenda kaskazini aliyaona mapangaboi sita ya umeme wa upepo juu ya kilima cha Nyamalogo, marefu, meupe, yanazunguka kana kwamba yanafukuza nzi wa mbinguni. Ulipopita miaka ile ya mwanzo ulimnyooshea mwanao kidole ukamwambia, "Ona maendeleo." Ulipopita mwaka huu wa tisini na sita ukakuta moja halipo, limebaki shimo na nati zilizopinda, ulifanya nini? Uliinamia kapu lako la dagaa. Ukasema, hayo mambo ya wakubwa. Ukamgeukia jirani yako ukamuuliza vitenge siku hizi vinauzwaje.

Basi leo utakaa usikie ulichokigeuzia kisogo. Habari yenyewe ni ya mwanamke mmoja, Dorotea, mke wa Chenge, ambaye kazi yake ilikuwa kushika breki.

Mapangaboi yale yalikuwa mali ya Shirika la Nishati ya Kanda. Vyuma vililetwa na Shirika, hilo hakuna anayelipinga. Lakini mtaro wa waya, kutoka kilimani mpaka ziwani penye pampu, uliochimbwa wakati wa kiangazi, ardhi ngumu kama kisigino cha mchunga ng'ombe, ulichimbwa na nani? Waliuchimba wananchi, kwa majembe yao, bila ujira. Wanawake walibeba udongo kwa karai, na wa mbele yao alikuwa Bibi Kabula, mama yake Chenge, aliyekuwa na sababu yake. Binti yake Sayi alichukuliwa na mamba akiteka maji pale ufukweni, na alichorudishiwa mama ni khanga. Kwa hiyo walipoambiwa kwamba upepo utasukuma maji mpaka kwenye tangi la kijijini, Kabula hakuuliza upepo unasukumaje maji. Aliuliza tu, "Karai liko wapi?"

Na pampu ikasukuma. Wasichana waliozaliwa baada ya hapo walikua hawajui mamba anapumua vipi usiku. Mashine ya kusaga ikanguruma. Zahanati ikapata friji la chanjo. Hayo ndiyo yaliyokuwa hatarini siku nitakayokusimulia, na Dorotea aliyajua kuliko mtu yeyote, kwa sababu alikuwa na binti wa umri ule ule aliochukuliwa nao Sayi.

Sasa sikia desturi ya Nyamalogo, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Pale mtu akifa, kazi inalala. Jembe halishikwi, mchi hautwangi, mashine haisagi, mpaka udongo umfunike marehemu. Anayekiuka anatengwa: hapewi moto wa kuwashia jiko, hasalimiwi, na akifiwa yeye atachimba kaburi peke yake. Mapangaboi yalikuwa bado mageni pale mzee mmoja alipofariki, na sauti yao ikawa inashuka kilimani, vuu, vuu, juu ya vilio. Mzee Luhaga, mkubwa wa ukoo na kiongozi wa sungusungu, akapanda kumwona mhandisi. Mhandisi alikuwa Revocatus, mtu wa Bukoba, mpenda kuvaa tai hata juani.

"Mhandisi," Luhaga akamwambia, "ndani kuna maiti. Jembe limelala, mchi umelala. Hiki chuma chako kinaimba nini?"

"Mzee wangu, chuma hakina masikio."

"Wewe unayo."

Revocatus akacheka, akajikuna shingo chini ya tai, akachukua mkono wa breki. Mkono wenyewe ni chuma kirefu kinachochomekwa chini ya mlingoti. Unauzungusha kwa nguvu mpaka mabawa yanachoka, yanasimama. Ulikuwa mmoja tu kwa mapangaboi yote sita, na kila aliyeubeba aliubeba begani kama jembe. Siku ile yalisimama. Tangu hapo Nyamalogo haikuhitaji kupigiwa yowe la msiba, sauti ikikatika kilimani upepo ungali unavuma, watu walitua mizigo yao wakaulizana, "Nani?"

Na wananchi nao walitimiza upande wao. Miaka ile ya shida, nyaya za simu zilipokuwa zinageuka bangili kila mahali, Nyamalogo haikuibiwa hata nati. Hapakuwa na mlinzi wala mbwa. Watu wenyewe walikuwa ukuta.

Kisha ikaja miaka ya soko huria. Neno tamu, hilo. Wafanyakazi wa Shirika wakapunguzwa kama majani ya mgomba. Revocatus akarudishwa kwao na tai yake, wasaidizi wake wakafuata, akabaki Dorotea, aliyekuwa ameajiriwa kufagia na kupika chai. Ndiye aliyeachiwa mkono wa breki. Hakulalamika. Alikuwa mwanamke wa kunyamaza kwanza, asemaye baadaye, na mara nyingi akishafika huko baadaye anakuta wenzake wameshasema.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane Bibi Kabula akafa.

Alikuwa mgonjwa wa siku nyingi, na hata kufani hakuacha kumkaripia mkwewe. "Uji huu umeupika au umeuosha?" ndiyo maneno yake ya mwisho yanayokumbukwa. Dorotea alimfumba macho, akamwita Chenge, akautoa mkono wa breki nyuma ya mlango, akapanda kilima kabla hata hajafunga kitambaa cha msiba. Akayasimamisha moja baada ya jingine. Lilipotulia la mwisho alisikia kijiji chote kikinyamaza chini yake, halafu sauti ya kwanza ya kilio ikapanda kutoka nyumbani kwake mwenyewe.

Jua lilikuwa limeshapata joto, wanawake wamejaa uani na kuni zao, boti ilipotia nanga. Wakashuka wageni wawili, wakapanda moja kwa moja mpaka nyumba ya msiba, kwa kuwa waliambiwa ufukweni kwamba mshika breki yuko huko.

Wa kwanza alikuwa Elias, kijana wa ofisi ya Shirika mjini Mwanza, mzaliwa wa Kwimba. Kijana mzuri, kila mtu alikubali hilo. Alivua viatu mbali, akachuchumaa mbele ya wazee, akawasalimu kwa Kisukuma cha ndani kabisa, kile cha mabibi. Alipoambiwa nani amefariki, macho yake yakalowa. "Poleni, baba zangu. Na mimi mama yangu nimemzika mwaka huu huu."

Wa pili aliitwa Ooko, mtu wa Shirati, mthamini aliyekodiwa, mfupi, kofia ya pama imemkaa kichwani kama kifuniko cha sufuria. Hakuchuchumaa. Alisimama katikati ya uwanja akatazama kilimani, akauliza kwa sauti ya kuita feri, "Kwa nini mapangaboi yamelala?"

"Tuna msiba," Luhaga akajibu.

"Poleni. Nauliza mapangaboi."

"Nayo yana msiba."

Mwanamke mmoja, Rose, aliyekuwa akiendesha mashine ya kusaga na ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika hata siku ya maziko, akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote, "Huyu Mjaluo kwao wakifiwa nadhani wanawasha redio."

"Tunapiga ngoma, mama!" Ooko akamgeukia bila kukasirika. "Tunafukuza kifo kwa ng'ombe mpaka kinajuta kuja. Kila watu na lao. Lakini nyie sikilizeni nawaambia." Akamtafuta Dorotea kwa macho. "Wewe ndiye mwenye breki? Mama, Shirika linauzwa. Kila mtambo unatazamwa. Unaozunguka unabaki, unaletewa vipuri. Usiozunguka ni chuma chakavu, unakatwa, unapimwa kwenye mizani. Sisi tuna leo tu. Kesho tuko Ukerewe, kesho kutwa siko tena kwenye kazi hii. Washa."

Uwanja ukavuma kama mzinga uliopigwa jiwe.

"Awashe!" Luhaga akainuka. "Maiti iko ndani, bado hata haijaoshwa, maziko yanamsubiri binti yake mwingine atoke Kiseke, halafu awashe! Kijana, huo upepo umeuumba wewe? Utavuma na kesho. Kabula hatakufa kesho."

"Mzee, karatasi haina matanga."

"Basi hiyo karatasi yako haina mama."

Watu wakaguna kukubali. Neno zuri lile. Maneno mazuri yametuponza sana sisi watu wa ziwa.

Dorotea aliinuka. Aliingia ndani alikolazwa Kabula, akasimama kidogo karibu na kile kitanda cha kamba. Alipotoka alikuwa na mkono wa breki begani. Akapita katikati ya waombolezaji. Chenge, mumewe, aliyekuwa amekaa chini ameegemea ukuta, akainua uso akamtazama. Hakumkataza wala hakumruhusu, na lile jicho lilikuwa zito kuliko chuma alichokibeba. Nyuma yake alisikia mtu akisema, "Mkwe gani huyu?" Wale wageni wawili wakamfuata.

Kule juu upepo wa ziwani ulikuwa umeanza kuamka, ule upepo mzuri, usio na hasira. Alichomeka mkono chini ya mlingoti wa kwanza. Kilichokuwa kimebaki ni kuulegeza tu; mabawa yenyewe yalishaanza kutetemeka, yanataka. Chini aliona paa la nyumba yake, aliona vitambaa vya wanawake, akasikia kilio kikibadilika sauti, kwa kuwa ndani walikuwa wameanza kumwosha marehemu. Kama angelegeza, vuu ya kwanza ingeshuka juu ya maji yale ya kuoshea maiti.

Mikono yake ikagoma.

"Mama, moja tu," Ooko akasema, na safari hii kwa sauti ya chini. "Hata moja. Nilione linazunguka, basi."

Elias ndiye aliyemwekea Dorotea kiganja begani. "Acha, mayu," akamwambia, kama mtoto anavyomwambia mama yake mzazi. "Acha. Msiba ni msiba. Mimi nimeona, nimeelewa. Mashine nzima hizi, hata kipofu anajua. Twende tukamzike bibi."

Dorotea akamtazama machoni. Yalikuwa mekundu kwa machozi ya kweli. Akauchomoa mkono wa breki.

Ooko akavua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu ameangusha humo. "Haya," akasema. "Mimi ni mgeni." Akashuka peke yake, akaenda kukaa kwenye boti, na kijiji kizima kikamhukumu pale pale: mtu asiye na adabu, hakuzika, hakula.

Lakini Elias alizika! Binti wa marehemu alipofika, Elias alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza. Alichukua jembe akasaidia kufukia, shati lake jeupe likawa la rangi ya kaburi. Alitoa rambirambi. Alinawa, akakaa na wazee, akala nao ugali kwa sahani moja, akamega na kumwachia Luhaga kipande kikubwa cha nyama kama inavyompasa mdogo. Alipoaga, Luhaga alimshika mkono asitake kuuachia. "Aliyetupa udongo kwenye kaburi letu," mzee akatangaza, "ni wa kwetu."

Hilo ndilo kosa lililofanyika Nyamalogo. Usilitafute kwingine. Hawakukosea kuheshimu maiti. Anayewacheka kwa hilo acheke mama yake angali hai. Walikosea kuamini kwamba mtu hawezi kula ugali wa matanga yako, akanawa, na mikono ile ile ikaandika neno la kukuua. Kwao jambo hilo halikuwahi kutokea. Hawakuwa na hata neno la kuliita.

Asubuhi ya pili Dorotea aliyalegeza mapangaboi, yakaimba, maji yakapanda kwenye tangi, watu wakasahau.

Tangazo likabandikwa ofisi ya kata mvua za vuli zikikaribia. Mitambo sita ya upepo, Nyamalogo, mibovu, isiyofanya kazi, imeuzwa kama chuma chakavu kwa mnunuzi wa mjini. Wananchi wasisumbue zoezi la kuibomoa. Rose ndiye aliyelisoma, kwa sauti, huku nyuma yake kilimani mapangaboi sita mabovu yasiyofanya kazi yanazunguka, vuu, vuu, kila mtu anayaona.

"Labda ni Nyamalogo nyingine," mtu mmoja akasema.

"Iko wapi?" Rose akamuuliza. "Mbinguni?"

Dorotea alivaa gauni lake la kanisani akapanda boti kwenda Mwanza. Akalala Kiseke kwa wifi yake, Suzana, yule binti wa Kabula, aliyemshauri ashike bahasha. Dorotea akakataa. Alisema Elias ni mtoto wa nyumbani, atamkumbuka.

Na Elias alimkumbuka. Ofisini kwake aliinuka kitini, akamshikia kiti, akaagiza soda. "Shikamoo, mayu. Nyumbani hawajambo? Mzee Luhaga?"

"Marahaba. Wapo. Elias, mwanangu, wanasema mapangaboi ni mabovu."

Kijana akatazama soda. "Ndivyo ripoti inavyosema."

"Ripoti ya nani?"

"Yangu."

Nje, barabarani, mtu alikuwa anauza samaki wa kukaanga kwa wimbo.

"Ulisema hata kipofu anajua," Dorotea akasema.

"Mayu, nilikuwa na swali moja la kujibu. Siku ya ukaguzi, inazunguka au haizunguki? Haikuwa inazunguka. Ningeandika inazunguka ningekuwa mwongo. Wewe mwenyewe uliuchomoa mkono wa breki."

"Ulinambia niache."

"Nilikwambia kama mtoto wa watu." Sauti yake ilikuwa ya huzuni, na hilo ndilo lililomkata Dorotea, kijana hakuwa anaigiza. "Niliandika kama mtumishi. Nifanyeje? Walitaka mitambo mibovu, mnunuzi alikuwa ameshapatikana. Angeenda mwingine angeandika hivyo hivyo, tena asingezika."

"Basi njoo uyaone sasa. Leo. Boti ipo."

"Limeshatoka mikononi mwangu."

Dorotea aliitazama ile mikono. Safi, kucha zimekatwa vizuri. Akaisukuma soda taratibu mpaka upande wa pili wa meza, akainuka, akasema kwa adabu zote, "Asante. Tulikuzikia mama yako pamoja na wetu, hukujua tu." Akatoka.

Ndani ya boti ya kurudi alikaa ubavuni akiyatazama maji. Aliwaza juu ya wale wageni wawili. Yule aliyewaambia kweli walimwita mshenzi kwa sababu hakuchuchumaa. Yule aliyewaua walimpa nyama. Je, adabu ni kitu kibaya? Hapana, akajijibu, adabu ndiyo iliyokilinda kilima chao miaka yote bila mlinzi. Ila adabu ni kama mlango: unafunguka kwa anayejua kubisha, na mwizi naye amejifunza kubisha. Akawaza pia kwamba yeye mwenyewe, pale kilimani, alitaka kuambiwa "acha". Alimshukuru Elias moyoni kwa kumwambia. Hilo lilikaa kooni kama mwiba wa sangara mpaka Nyamalogo.

Alipofika, lori la mnunuzi lilikuwa limeshafika kwa barabara ya nyuma. Na mafundi wake walikuwa wajanja. Walijua kuna saa ya utulivu asubuhi, upepo wa nchi kavu umechoka na wa ziwani haujaamka, mabawa yanasimama yenyewe. Katika utulivu ule walipanda la kwanza, wakalifunga minyororo, wakalilaza. Liliangukia upande wa shule. Vijana wa Nyamalogo hii hii, wajukuu wa walioubeba udongo kwa karai, walikodiwa kuvuta kamba, na wakavuta huku wakiimba.

Jioni msimamizi wa lori alikuja nyumbani kwa Dorotea mbele ya wazee. "Mama, tupe mkono wa breki. Tuyafunge yote, tumalize kazi bila kusubiri upepo kutuhurumia."

Wazee walikuwa wamekaa, wamenywea, Luhaga akiwa amezeeka miaka kumi kwa mwezi mmoja. Dorotea akautoa mkono wa breki nyuma ya mlango. Hakumpa yule mtu. Alipiga magoti mbele ya Luhaga, kama mkwe anavyopaswa.

"Baba, naomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini, mwanangu?"

"Huu niutupe ziwani, pale penye kina. Yakizunguka hayapandiki. Asiyekuwa na huu hawezi kuyasimamisha."

Luhaga alimtazama. Aliona lote kwa mara moja, na waliokuwepo waliona kwamba ameliona. Bila mkono ule, mapangaboi yasingesimama tena kwa ajili ya mtu yeyote. Siku ya kufa Chenge yangeimba. Siku ya kufa Dorotea yangeimba. Na aliyekuwa karibu zaidi na kaburi kati ya wote pale ni yeye mwenyewe, Luhaga, aliyeianzisha desturi ya kuyasimamisha kwa mdomo wake.

"Kumbe mimi nitazikwa na kelele," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Wataosha mwili wangu na lile vuu-vuu."

"Ndiyo, baba."

Chenge akafunua mdomo kusema kitu, mzee akamwinulia kidole. Kisha akacheka, kicheko kikavu kama ganda la karanga. "Kabula angenisema. Angeniambia, wewe Luhaga, tangu lini kelele zikakunyima usingizi? Nenda, mwanangu. Anayetaka kunililia alie kwa nguvu zaidi, basi."

Rose akapiga kigelegele, akakikatisha katikati, kikageuka kilio.

Msimamizi wa lori alitaka kumzuia Dorotea njiani. Wanawake walimzunguka, bila kumgusa, wakimwuliza habari za nyumbani kwake, mke hajambo, watoto hawajambo, ng'ombe hawajambo, mpaka chuma kikalia ndani ya maji.

Huko ndiko ulikoishia mkono wa breki. Mapangaboi matano yanazunguka sasa hivi wakati wewe unasoma. Maji yanapanda. Lakini usikunje mikono kifuani ukasema, hongera mama. Lori halijaondoka, limeegeshwa nyuma ya shule, na mafundi wake wanapika chai wakisubiri utulivu. Kila asubuhi upepo ukikata, mabawa yakasita, Dorotea na wanawake wa Nyamalogo wanapanda kukaa chini ya milingoti, migongo imeegemea chuma, mpaka upepo wa ziwani uamke. Ni wachache. Wana watoto, wana mashamba, mvua zinakuja. Na dhoruba ikija kabla ya fundi wa kweli kuja na mkono mpya wa breki, hakuna wa kuyasimamisha, mabawa yatajivunja yenyewe, na Elias ataandika tena alichokiona, tena kwa haki.

Ulipita pale kwa boti ukainama. Hukumzika Kabula, hukuvuta kamba, hukusaini; ndiyo utetezi wako? Na Ooko hakuzika, lakini alisema.

Inuka, wewe na wenzako. Nusu yenu nendeni mlangoni pa Shirika leo hii, msichuchumae, msinywe soda. Semeni yanazunguka, leteni fundi, na msiondoke mpaka fundi amepanda boti. Nusu iliyobaki shukeni Mwaloni mkapande boti hiyo hiyo. Kuna milingoti mitano na migongo haitoshi. Upepo unakata asubuhi. Nendeni sasa.